Mhuri bila kazi ni khiyana: Tuwapokee wanafunzi wa mazingira Bukoba na Muleba

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola aliyeitandaza ardhi, akaipitisha mito na kuyajaza maziwa kwa hekima yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake, sahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Kila ufikapo mwezi wa Julai, mabasi yatokayo Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro huwashusha vijana wetu Muleba na Bukoba baada ya safari ndefu. Wazazi hufurahi, migomba hukatwa, ndizi hupikwa. Lakini siku mbili tatu zikipita, furaha ile huingiwa na wasiwasi. Kijana hutoa mfukoni barua ya utambulisho kutoka chuoni kwake na kusema: "Baba, sijapata mahali pa kufanyia fildi."

Fildi ni jina walilolipa vijana wenyewe. Jina lake rasmi ni mafunzo kwa vitendo, nayo ni sehemu ya masomo yenyewe. Anayesomea misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, anayesomea uhandisi wa mazingira katika Chuo Kikuu Ardhi, anayesomea uvuvi Nyegezi, misitu Olmotonyi au wanyamapori Pasiansi na Mweka, wote hao hutakiwa watoke darasani wakakae na watu wa kazi kwa wiki kadhaa, waandike walichokifanya kila siku, kisha msimamizi wa kazini atie saini na mhuri. Bila hayo hakuna alama, na bila alama hakuna shahada wala stashahada.

Tumeona Ijumaa ya leo tuizungumze habari hii, maana inazigusa nyumba zetu nyingi, na ndani yake mna jambo la dini ambalo tumelifumbia macho kwa muda mrefu.

Kitabu kilichoandikwa kwa usiku mbili

Mwaka mmoja tulikaa kibarazani baada ya swala ya Alasiri pamoja na kijana wa mwaka wa pili. Alikuwa amemaliza fildi yake na alituonyesha kitabu chake cha kumbukumbu. Kilikuwa safi mno. Kurasa za wiki nane zimejazwa kwa wino wa namna moja na mwandiko usiobadilika, na kila ukurasa una saini. Tukamwuliza: mto gani ulipima maji yake? Akainamisha kichwa. Tukamwuliza tena: kitalu kipi ulikihudumia? Akanyamaza. Mwishowe alisema kweli. Katika ofisi aliyokwenda aliambiwa hakuna kiti wala kazi ya kumpa, basi arudi nyumbani, na siku ya mwisho aje achukue mhuri wake. Kitabu alikiandika kwa usiku mbili, akinakili cha rafiki yake wa mwaka uliotangulia.

Hatukumwona kijana yule kuwa mwovu. Alibisha hodi kwa adabu, akafungiwa mlango, kisha akapewa karatasi inayosema kwamba mlango ulifunguliwa. Lakini jambo lenyewe ni lazima tuliite kwa jina lake. Saini iliyotiwa chini ya kazi isiyofanyika ni ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo Mtume wetu (SAW) aliuhesabu pamoja na madhambi makubwa kabisa. Dhambi hiyo hugawanywa baina ya aliyetia mhuri, aliyeupokea, na mzazi aliyejua akasema, "Mwache, ilimradi afaulu."

Wala madhara yake hayaishii kwenye daftari. Kijana yule ataajiriwa siku moja. Ataletewa karatasi za kiwanda kinachotaka kumwaga majitaka, naye hajapata kushika chupa ya sampuli. Atatumwa kukagua machinjio, naye hajui maji ya damu huelekea wapi. Atatia saini, kwa kuwa saini ndicho kitu alichofundishwa. Na maji hayo ndiyo tutakayochota, tutakayotawadha kwayo na kuwapikia watoto wetu.

Kazi ipo tele

Wako wanaosema kwamba Kagera hakuna pa kujifunzia, na kwamba kijana wa fani hizi abaki Dar es Salaam au aende Arusha kwenye mbuga. Sisi tunaona kinyume chake. Ni vigumu kuipata wilaya yenye somo la mazingira lililo wazi kuliko hizi zetu mbili.

Tuanze na ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zinazokaribia 68,800, na kiasi cha nusu yake kiko Tanzania. Mji wa Bukoba huyanywa maji ya ziwa hilo hilo linalopokea Mto Kanoni, ambao hupita katikati ya mji ukibeba kila tunachokitupa. Mwanafunzi mmoja mwenye chupa safi na daftari, akichukua maji ya Kanoni kila Jumatatu katika sehemu tatu, yaani juu ya mji, katikati ya mji na pale unapoingia ziwani, kwa wiki nane atakuwa na vipimo 24. Mamlaka ya maji inaweza kumsaidia kuvipima. Hapo atakuwa amejifunza jambo, na mji utakuwa umepata hesabu ya kuanzia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto. Ni wangapi kati yetu tunaoijua mita ya 60 iko wapi katika shamba letu? Kijana mwenye kamba ya kupimia, akifuatana na mwenyekiti wa kijiji, anaweza kutuonyesha kabla ya ugomvi wala faini.

Huko Muleba kuna visiwa: Bumbire, Ikuza, Goziba, Mazinga na vinginevyo. Visiwa hivi huishi kwa sangara, sato na dagaa. Sangara aliingizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950, akawala samaki wengi wa asili, kisha mwenyewe akawa riziki ya maelfu ya watu na biashara ya kwenda Ulaya. Leo wavuvi wenyewe wanalalamika kwamba samaki wamepungua, na nyavu za timba na makokoro bado zinavua vifaranga. Anayesomea uvuvi akakaa mwaloni mwezi mmoja, akapima urefu wa sangara wanaoshushwa kila asubuhi, ataelewa zaidi kuliko aliyesoma mihula miwili. Na akiwasaidia kina mama kuanika dagaa juu ya vichanja badala ya mchangani, ataacha faida inayoonekana mfukoni.

Tusisahau migomba, ambayo ndiyo nyumba ya Mhaya. Ugonjwa wa mnyauko uliposhambulia Muleba mwaka 2006, familia nyingi ziliona mikungu ikiiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Dawa ya kunyunyiza haikuwapo. Kinga yake ilikuwa kazi ya mikono: kuondoa ua la mgomba kwa kijiti chenye panda bila kutumia panga, kusafisha visu kwa moto au kwa jiki, kung'oa shina lililougua na kutopanda machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Elimu ya namna hii haiendi kwa tangazo la redio peke yake. Hutaka mtu wa kupita kibanja kwa kibanja, kuonyesha na kurudi tena kuangalia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kiko hapa hapa Bukoba, na wataalamu wake hawawezi kufika kila kibanja. Je, vijana 50 wenye miguu yenye nguvu wangefika wapi katika wiki nane?

Kisha iko rweya, ile nyika yetu ya majani iliyo nje ya vibanja. Kila kiangazi huchomwa moto, na kila masika udongo wake huteremka mabondeni. Likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi, wakati wa moto na wakati wa kutayarisha vitalu. Anayekuja Julai hukuta viriba vya kujaza udongo, mbegu za kusia na miche ya kupunguziwa kivuli kabla ya mvua. Wako Wakala wa Huduma za Misitu, liko shamba la miti la Rubare, wako wakulima waliojifunza kilimo mseto kwa miaka mingi. Na wako wazee wasio na cheti chochote, wanaojua ni wapi omushambya hustawi na ni mti gani haufai kukaa karibu na mgomba. Hao nao ni walimu.

Tena mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambayo inagusa ardhi ya Muleba. Kwa hiyo hata mwenye kusomea wanyamapori hana ulazima wa kuvuka nchi nzima.

Na wale wa afya ya mazingira? Mwezi Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, na mwanzoni mwa Juni mwaka huo ikatangazwa kwamba umekwisha. Katika majuma yale tulijifunza sote kwamba popo, usafi wa mikono, mazishi na maji safi ni habari moja. Mtu aliyefundishwa kuzungumza na familia iliyofiwa bila kuitisha wala kuidharau alikuwa na thamani kubwa. Mtu wa namna hiyo hatengenezwi siku ya msiba. Hutengenezwa kabla, katika fildi.

Ya fedha na ya hofu

Twajua majibu yatakayotolewa. Mkuu wa ofisi atasema hana fungu la kumlipa mwanafunzi. Ni kweli kwamba ofisi zetu nyingi zina watu wachache na pikipiki moja. Lakini mwanafunzi haombi mshahara. Anaomba kazi yenye maana, mtu wa kumwuliza, na asigeuzwe kuwa wa kuchemsha chai na kutumwa fotokopi. Ofisa mazingira mmoja mwenye kata nyingi anapoletewa vijana wawili, amepata macho manne. Akiwapa kata moja kila mmoja na swali moja la kujibu, mwisho wa mwezi wa pili atakuwa na taarifa ambayo yeye mwenyewe asingeiandika kwa mwaka.

Lakini hapa pana mpaka. Ikiwa kijana anafanya kazi inayomwingizia mtu faida, kama kuhudumia kitalu cha kuuza miche au kupima eneo la mradi wa kampuni, basi huyo ni mfanyakazi na ana haki ya ujira. Mtume wetu (SAW) ametuusia kumlipa mfanya kazi upesi, kabla jasho lake halijakauka. Neno "mwanafunzi" halifuti usia huo. Angalau nauli yake, chakula chake cha mchana na buti zake zisitoke kwa mama auzaye ndizi sokoni.

Kwa upande wa wazazi, nao wana mzigo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake. Si kila kijana ni mnufaika, na wengi walio vyuo vya kati huwategemea wazazi wao kwa kila kitu. Kijana apangaye chumba mjini kwa wiki nane, akala na kupanda boda boda kila siku, hugharimu fedha ambayo baba alidhani ni ya ada ya mwaka ujao. Ndipo vishawishi vya mhuri wa bure vinapoingia.

Iko pia hofu juu ya mabinti. Baba husema: nitamwachaje binti yangu alale kisiwani, mwaloni, miongoni mwa wavuvi nisiowajua? Hofu hiyo hatuidharau, kwani kulinda heshima ya mtoto ni wajibu. Lakini jibu lake lisiwe kumfungia nyumbani na kumtafutia mhuri. Binti aliyesomea afya ya mazingira ndiye atakayeingia ndani ya nyumba na kuzungumza na kina mama juu ya vyoo, maji na vyombo, mahali ambapo mwanamume hafiki. Tukimzuia yeye, tumewazuia wale wote.

La kufanya

Tunapendekeza mambo machache, na kila moja lina mwenyewe.

Kwa ofisi za umma na mashirika: Manispaa ya Bukoba, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba na ile ya Muleba zitangaze mapema, tuseme kila Januari, ni nafasi ngapi zipo, katika idara gani na kwa swali gani. Tangazo libandikwe ofisi za kata na misikitini na makanisani, ili mtoto wa mvuvi alione sawasawa na mtoto wa mkubwa. Nafasi zisigawiwe kwa kujuana. Na anayetia mhuri autie kwa kazi aliyoiona kwa macho yake. Akikosa nafasi, aseme hana. Kukataa kwa ukweli ni heshima kuliko kukubali kwa uongo.

Kwa vijana: msisubiri Julai. Andikeni barua mwezi wa Februari au Machi, na andikeni kwa mahali panne au patano. Msiseme tu, "Naomba nafasi ya fildi." Semeni mnaweza kufanya nini: kupima maji, kutumia ramani, kuhesabu miti, kuhojiana na wakulima kwa Kihaya. Siku ya kwanza ombeni swali moja la kulijibu hadi mwisho, na siku ya mwisho waachieni wenyeji nakala ya mlichokipata. Ukitumwa chai, ichemshe kwa adabu, kisha rudi uulize kazi.

Na wale waliokwisha hitimu wakakaa nyumbani wajue kwamba tangu mwaka 2017 nchi yetu ina mwongozo wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Waulize habari zake katika ofisi ya serikali inayoshughulikia ajira, wala wasikae wakingoja kuitwa.

Kwa wazazi: msimdai kijana fedha katika miezi hii kana kwamba ameshaajiriwa. Wala msimcheke kwa kushika jembe na viriba mkisema, "Tulikupeleka chuo ili urudi shambani?" Mwanadamu amefanywa khalifa katika ardhi, na khalifa asiyejua udongo anatawala nini? Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba mtu akipanda mti, kila atakachokula humo ndege, mnyama au binadamu huandikwa kuwa sadaka yake. Hakuna fani yenye aibu hapo.

Kwa misikiti yetu: hapa ndipo tunapojielekeza sisi wenyewe. Tunazo nyumba, tunavyo viwanja vya wakfu, na tunazo familia zenye chumba cha ziada. Msikiti mmoja ukimpatia mwanafunzi mmoja mahali pa kulala na mlo wa jioni kwa wiki nane, gharama kubwa ya fildi imeondoka. Familia ya kuaminika huko Nshamba, Kamachumu, Kemondo au Bumbire ikimpokea binti wa watu kama binti yake, hofu ya baba imepungua. Kiwanja cha wakfu kilichoota magugu kikigeuzwa kitalu cha miche, mwanafunzi wa misitu amepata darasa, msikiti umepata kivuli na mapato, na watoto wa madrasa wamepata somo. Hata maji ya udhu yanayopotea kila siku katika bomba lisilofungwa ni kazi ya fildi. Kijana ayapime, atuambie ni ndoo ngapi, nasi tuone haya.

Tena tusiwaulize dini wala kabila. Ziwa hili hatunywi Waislamu peke yetu, na mwanafunzi anayelichunga anatuchungia sote.

Ndugu zetu, yule kijana wa kitabu kisafi alirudi chuoni, akapata alama zake. Mwaka uliofuata alikuja tena kibarazani, safari hii viatu vyake vina tope. Alikuwa amekaa wiki nane na mzee mmoja mwenye kitalu, kwa chakula na nauli tu. Kitabu chake kilikuwa kichafu, kina madoa ya udongo, na siku nyingine zimeandikwa mistari miwili: miche mingapi imekufa, na kwa nini. Tulipomwuliza habari za viriba, hakunyamaza. Alizungumza mpaka adhana ya Magharibi ikatukuta.

Basi Julai ijayo, kijana akibisha hodi na barua mkononi, tumfungulie. Tukishindwa, tumwambie kweli. Tusimpe mhuri badala ya kazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi subira, na awape wenye ofisi uaminifu katika amana waliyokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.